Wateja Wanaona Bei kwa Pesa Zao, Shangazi Ameondoka na Vibao

Kwako Mama Siniva,

Pokea salamu zangu kutoka kisiwani Savai'i, huku kwetu Samoa, na kabla sijafika kwenye shida yenyewe naomba usinihesabu miongoni mwa wale wanaokuandikia kulalamika, kwa sababu nimekaa kuandika hii nikiwa na shukrani nyingi mpaka sijui nimshukuru nani kwanza, ila kati ya hao ninaowashukuru mmoja hasemi nami tena, na ndiyo maana nakuomba unisaidie kufikiri.

Naitwa Akenese, nimeolewa kijiji kimoja si mbali na Salelologa, na kazi yangu ni kushona puletasi, yale magauni yetu ya sketi na blauzi ndefu ya kwenda kanisani, kwa vitambaa tunavyovichapa wenyewe kwa rangi na vibao vya mbao. Nilipoletwa hapa kama mke wa Etimani sikujua hata brashi inashikwaje, nilikuwa msichana wa mjini, najua kukaanga panikeke, yale maandazi yetu, na kucheka tu, na aliyenifundisha kazi yote ni Vaosa, shangazi yake mume wangu, ambaye alinikalisha kwenye mkeka wake akanionyesha rangi inakorogwa vipi, kitambaa kinavutwa vipi juu ya kibao kisikunjike, na nilipoharibu hakunigombeza, alisema tu, "Hicho utakivaa wewe mwenyewe, watu wajifunze." Vibao vyote alivichonga marehemu mumewe, mzee Lemalu, kuna cha majani ya mshelisheli, kuna cha matunda ya mkadi, kuna cha samaki ambao mzee alipenda kusema anawajua kwa majina, na Shangazi hajawahi kuviita vibao, anasema "mikono ya Lemalu", lete mikono ya Lemalu, funika mikono ya Lemalu mvua inakuja.

Basi watalii walipopungua na kibanda chetu cha sokoni kikawa cha kufukuza nzi, binamu yangu Losa, ambaye yuko mjini Apia kwenye kampuni ya simu, alisema anatufungulia duka la mtandaoni, na kweli akalifungua, akapiga picha magauni yamening'inia kwenye kamba na bahari nyuma, bei akaandika tulivyomwambia kwa tala, pesa yetu ya Samoa, mia na tisini, tukakaa tukasubiri. Watu walikuja, Mama Siniva. Losa alikuwa anaona kwenye simu yake kwamba wanaingia kutoka Auckland, kutoka Brisbane, kutoka Utah, wanaangalia, wanatia gauni kwenye kikapu, halafu wanaondoka. Nikamwambia labda hawajayapenda. Akasema, "Hakuna mtu anayeangalia gauni asilolipenda mara nne. Hawajui bei."

"Bei si ipo pale?"

"Ipo, kwa pesa yako."

Sikumwelewa, nikadhani ni maneno ya watu wa Apia, mpaka nilipopata ujumbe wa mama mmoja wa Logan, kule Brisbane, anaitwa Makerita, aliyeandika hivi: "Dada, kazi yako ni nzuri mno, mama yetu anatimiza miaka themanini na mabinti tuko saba, tulitaka tuvae sare, lakini dola mia na tisini kila mmoja hatuwezi, tutavaa za kiwandani, mama atatusamehe." Nikausoma tena na tena nikijiuliza, mia na tisini za nani, kwa maana ile alama ya pesa ni hiyo hiyo moja, sisi tunaitumia, Australia wanaitumia, New Zealand wanaitumia, Wamarekani nao, na kila mtu akiiona anajua ni ya kwao. Nikampigia.

"Dada, hizo ni tala," nikamwambia.

"Tala?"

"Tala. Kwa pesa yako wewe ni kama mia na tano, haizidi hapo."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Aliponyamaza akasema, "Nimefungua duka lako na kulifunga mara sijui ngapi. Niliona haya kuuliza. Mimi Msamoa gani, nimwandikie mtu wa nyumbani nimuulize tala ni kiasi gani? Mimi nimezaliwa Logan, dada. Tala nimeishika mara moja tu, tulipokuja kumzika babu, nikanunulia aiskrimu. Mama yangu akiona kitambaa chako anakuambia kimetoka upande gani wa kisiwa. Mimi nilisimama mlangoni kwako nikaogopa hata kubisha hodi."

Maneno hayo yalinikaa kifuani, Mama Siniva, nikampigia Losa hapo hapo nikamwambia fanya lolote unaloweza, na Losa, Mungu ambariki, akalipanga duka lijue mtu anafungua akiwa wapi, aliye Auckland akaona dola za New Zealand, aliye Logan akaona za Australia, aliye Utah akaona za Marekani, na analipa hiyo hiyo aliyoiona bila kushtukizwa mwishoni, mimi huku benki inaniletea tala zangu, na kila asubuhi duka lenyewe linapiga hesabu upya kufuatana na pesa zilivyoamka. Kazi hiyo ilimchukua jioni moja na chupa ya soda. Na kuanzia hapo milango ilifunguka, mabinti saba wa Logan walivaa sare, nimetumiwa picha, mama yao yuko katikati ameshika sketi ya binti yake anaitazama kwa karibu kama anasoma, halafu marafiki zao wakaagiza, na majirani wa marafiki zao, na leo tuko wanawake sita kwenye banda la kuchapia, kila mmoja ana watoto anaowasomesha, na kila Jumapili nikiinamisha kichwa nawataja Losa na Makerita na hao wote wa mbali kwa majina nikiyakumbuka, na Shangazi Vaosa namtaja wa kwanza, kwa sababu bila yeye ningekuwa bado nakaanga panikeke.

Sasa shida. Mpwa wake Shangazi aliyeko Auckland, anaitwa Pouono, alikuja nyumbani na mkewe kwa ajili ya kufungua kanisa, na Jumapili baada ya ibada tulikaa wote kwa chakula, mke wa Pouono amevaa puletasi yetu, ya samaki, amependeza, na Shangazi alikuwa anaitazama kwa furaha mpaka yule mama, kwa nia njema kabisa, akasema, "Na rahisi jamani, Shangazi. Nimeona mia na kumi na tano tu. Auckland gauni kama hili huligusi."

Shangazi akaweka sahani chini. "Mia na kumi na tano?"

"Ndiyo. Dola zetu. Duka lao siku hizi linakuonyesha kwa pesa yako, huna haja ya kusumbuka."

Watu wote waliokuwepo walinitazama mimi. Shangazi alimaliza magimbi yake ya taro polepole, akashukuru, akaondoka. Kesho yake nikafika bandani nikakuta rafu tupu. Nikamfuata nyumbani kwake, vibao vyote vimefungwa ndani ya mkeka, vimewekwa nyuma ya kiti chake, naye amekaa mbele yake.

Nikamweleza. Nilikaa pale nikamweleza kwamba mia na kumi na tano za New Zealand ni mia na tisini zetu, hatujashusha hata senti, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, nikamfungulia simu, nikampigia na Losa aeleze, na Shangazi akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Akenese, hesabu naijua. Nimepokea pesa za ndugu zangu wa Auckland kabla mama yako hajakuzaa. Nimekaa foleni benki kubadilisha pesa zaidi kuliko wewe na huyo wa kwenye simu mkijumlishwa."

"Sasa Shangazi, tatizo ni nini?"

"Nimekuuliza hesabu mimi?"

"Hapana."

"Nani alisema mikono ya Lemalu ibandikwe pesa za watu?"

Nikaanza tena kumweleza faida, nikamwambia habari za Makerita, nikamwambia wateja walivyoongezeka, akainua mkono. "Mtu akitaka kitu cha Samoa ajifunze tala. Si mlima wa kupanda." Hakusema nami tena, na mpaka leo akipita njiani anasalimia watoto, mimi ananipita.

Mume wangu nikimuuliza anasema, "Hayo ni yako na Shangazi," kisha anakumbuka ana nguruwe wa kulisha. Shemeji yangu mmoja ananitania kwamba nina duka la dunia nzima na nyumbani sina wa kunisalimia. Na kazi imesimama, Mama Siniva, wanawake watano wanakuja bandani asubuhi tunakaa tunapunga nzi, na kwaya ya kina mama ya kanisa la akina Makerita wameagiza magauni ya sikukuu yao, wote, wa sauti ya kwanza mpaka ya mwisho, na wanataka ya mkadi. Kuna fundi mmoja Salelologa ameniambia nikimpa kipande cha kitambaa anaweza kuchonga vibao vinavyofanana kabisa hata Shangazi asijue. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, na hilo linanisumbua kuliko yote.

Je, niirudishe tala peke yake ili nipate amani na mtu aliyenifanya kuwa nilivyo, na akina Makerita warudi kusimama mlangoni? Au nishike palepale nimwache mzee na hasira yake? Nampenda. Nawashukuru wote. Sijui nifanyeje.

Wako katika shukrani na mashaka,
Akenese

*

Akenese mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikatabasamu, halafu nikakasirika, halafu nikatabasamu tena, kwa hiyo jiandae kupata vyote.

Nianze na duka, maana hilo ni jepesi. Bei zibaki kama Losa alivyozipanga. Mtu hakuchagua kuzaliwa Logan. Makerita wako hakukosa pesa, alikosa ujasiri wa kuuliza, na ninyi mlimwondolea hiyo aibu bila kumtaka ajieleze yeye ni Msamoa wa aina gani. Hiyo ni heshima mliyompa, na nakupongeza. Ukiirudisha tala peke yake leo utakuwa umewafungia nje watu ambao hawapo hapa kujitetea, na uniamini, shangazi yako hatarudi bandani kwa hilo. Silo alilolitaka.

Sasa kaa vizuri.

Mama huyo alikuuliza swali moja. Nani alisema? Wewe ukamjibu kwa karatasi, kwa simu, kwa binamu wa Apia, kwa benki na kwa wateja. Kila kitu ulimjibu isipokuwa hilo moja. Alikuuliza heshima, ukamfundisha hesabu, tena hesabu aliyoijua kabla hujazaliwa. Umehangaika mpaka mwanamke usiyemjua, ng'ambo ya bahari, akaelewa bei yako bila kuona haya. Aliyekukalisha kwenye mkeka wake akakushikisha brashi, huyo ukamwacha asikie habari za kazi yake kwenye chakula cha Jumapili, kutoka kwa mgeni, na neno la kwanza alilolisikia ni "rahisi". Ungekuwa wewe, taro ingeshuka?

Najua hukukusudia. Ulifurahi, ukakimbia, ukasahau kugeuka nyuma. Watu wenye shukrani nyingi mara nyingine hufanya hivyo. Lakini nimetafuta kwenye barua yako yote mahali ulipomwambia yeye mwenyewe asante, sikupaona. Mungu umemwambia kila Jumapili. Mimi umeniambia kurasa nzima. Yeye ulimwambia lini?

Huyo fundi wa Salelologa usimrudie hata kumsalimia kuhusu jambo hili. Moyo wako umekusumbua kwa kumsikiliza, na una akili kuliko masikio yako. Kwanza Vaosa atajua. Mtu anayeishi na kazi ya mumewe miaka yote hiyo atajua kwa jani moja.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake asubuhi, kabla Jumapili nyingine haijafika. Nenda peke yako. Etimani mwache na nguruwe wake, hao wanamhitaji zaidi. Sikuambii uende ukajifunike mkeka mbele ya nyumba yake, kama desturi yetu inavyomtaka mtu aliyeua aombe msamaha. Peleka keki na koko ya moto. Kaa chini, yeye awe juu. Mwambie: "Shangazi, nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Nisamehe." Kisha nyamaza. Neno "lakini" liache nyumbani kwako. Akikaa kimya mpaka koko ipoe, nawe kaa kimya mpaka koko ipoe.

Akikubali kuzungumza, mpe kilicho chake. Bei ya tala aiseme yeye, kila gauni, kuanzia leo. Mwambie hiyo ndiyo bei yenyewe, na hizo za Auckland na Logan na Utah zinatembea nyuma yake. Halafu mwombe Losa aandike tala chini ya kila bei ya kigeni, kwa sababu hapo mzee ana hoja, usimdharau. Mtoto wa Logan aone dola zake asiogope, na aone tala ajue gauni limetoka wapi. Na jina la mzee Lemalu liandikwe kwenye kila gauni lililochapwa kwa vibao vyake. Nashangaa halikuwepo tangu mwanzo. Nashangaa sana.

Kwaya ya Logan waambie ukweli kwamba kazi imesimama na kwa nini. Kina mama wa kanisa wanaelewa mambo ya shangazi. Kila mmoja wao anaye.

Akikufukuza, nenda tena keshokutwa na keki nyingine. Na ukiwa huko, mwambie asante kwa mdomo wako, kwa sauti, akiwa anakusikia.

Mama Siniva

*

Akenese ametuandikia tena, na ametukubalia tuchapishe.

Mama Siniva, asante. Nilikwenda. Nilisema ulivyoniambia nikanyamaza, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchapa vitambaa vya arusi. Shangazi alikunywa koko yake yote. Akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akaonja keki, akasema nimebania sukari. Hapo nilijua bado ananipenda, nikalia, nikamshukuru kwa kila kitu tangu siku ya brashi, naye akawa anatazama nje, anafuta makombo kwenye sketi ambayo haikuwa na makombo.

Nilipomwomba aseme bei hakufikiri hata kidogo. "Mia mbili," akasema. "Lemalu hakuwa mtu wa mia na tisini." Losa akaiandika, na kote kukabadilika, Auckland, Logan, Utah, na chini ya kila moja pana tala na jina la mzee. Shangazi alitaka aonyeshwe kila pesa, moja moja. Ya Marekani ilimkera kidogo, alisema namba ni ndogo sana, lakini akaiacha.

Makerita alinipigia jioni ile ile. "Nimeona imepanda," akasema. Nikamwambia mpangaji wa bei sasa ni Shangazi. Akacheka, akasema nimwambie anashukuru hakupandisha zaidi, na kwamba mama yake ameomba asomewe hilo jina lililo chini ya bei, akasomewa, akaomba tena.

Nikampelekea Shangazi salamu hizo. Alitikisa kichwa, nikarudi nyumbani sijui maana yake.

Jumatatu nilichelewa bandani kwa sababu ya mtoto mwenye homa. Nilipofika vibao vilikuwa kwenye rafu, rangi imekorogwa, wenzangu watano wameinama kimya kama wako darasani, na Shangazi amekaa mahali pake na kibao cha mkadi magotini. Hakunisalimia. Alinisukumia brashi.

"Unatazama nini?" akasema. "Unataka kwaya ya watu iimbe uchi?"